Uongo Wenye Refa

Mssyuu! Naanza na msonyo, salamu zitafuata.

Hivi mtu mzima na mvi zake, baba wa watoto, anashikaje simu ya dogo wa bodaboda, anatazama klipu ya dakika tano, kisha anairudisha haraka haraka na kusema "huyu kijana ana jini"? Wa pili naye akadakia: si jini, ni frimasoni. Wa tatu, ambaye hata klipu hajaiona, akasema anamjua mtu aliyemjua mtu aliyekwenda kutafuta dawa ya namna hiyo Bagamoyo. Kahawa haijapoa, kijiwe kizima kimeshahamia kuzimu.

Na klipu yenyewe ni nini? Kijana mwembamba, muziki unapiga, hasemi hata neno moja, karata zinamtoweka mkononi na kurudi. Anaitwa Shin Lim. Kazaliwa Vancouver, Kanada. Alikuwa akisomea piano, mpaka mishipa ya viganja ikaanza kumsumbua na madaktari wakamtaka apunguze. Ikabidi achague kati ya piano na karata, akachagua karata. Sasa mzee wangu, shikamoo yako naiheshimu, lakini jini gani hilo linalougua viganja?

Tena msisahau, wengi wetu hapa tumesoma shule za msingi ambako yule bwana wa mazingaombwe alikuja na sanduku lake, akameza nyembe, akageuza karatasi kuwa noti. Halafu mlangoni akakusanya kiingilio cha sarafu kwa watoto. Mwenye uwezo wa kugeuza karatasi kuwa noti anatafuta nini kwenye sarafu za darasa la tatu? Swali hilo lilituzunguka tukiwa na kaptula, na watu wazima hawajalijibu hadi leo.

Basi sogeeni niwaambie klipu imetoka wapi. Kipindi kinaitwa Penn & Teller: Fool Us, yaani tudanganyeni mkiweza. Kilianza Uingereza, kituo cha ITV, Januari 2011, mtangazaji akiwa Jonathan Ross. Baada ya msimu mmoja ITV wakakitupa. Kituo cha CW cha Marekani kikakiokota, kikarusha vipindi vile vile vya zamani mwaka 2014, watu wakavipenda. Kuanzia 2015 misimu mipya ikawa inarekodiwa Las Vegas, kwenye ukumbi wa Penn na Teller wenyewe ndani ya hoteli ya Rio, mahali wanapotumbuiza tangu 2001.

Penn Jillette ndiye yule mrefu, karibu mita mbili, mdomo haufungi. Teller ndiye mfupi, na jukwaani haongei. Msimwonee huruma, si bubu. Alikuwa mwalimu wa Kilatini wa sekondari huko New Jersey, na hata kisheria jina lake ni hilo moja tu, Teller. Mwalimu aliyeongea akachoka, nadhani. Wako pamoja tangu 1975, na ndoa ngapi za mtaa huu zimefika hapo?

Utaratibu ni huu. Mwanamazingaombwe anapanda jukwaani, anafanya kazi yake mara moja tu, Penn na Teller wakiwa wameketi mbele yake. Hakuna kurudia, hakuna kupanda kukagua sanduku. Akimaliza, mtangazaji anapiga naye soga huku wale wawili wananong'onezana. Kisha Penn anatoa jibu: tumekujua, au umetushinda. Ukiwashinda, unapewa kombe na nafasi ya kutumbuiza kwenye onyesho lao Las Vegas.

Hapo fundi viatu, ambaye huwa haongei mpaka amalize kushona, akainua sindano. "Sasa kaka, nani anajua kama hao wazungu wanasema kweli? Mimi nimeshindwa, lakini nikisema nimejua, nani atanibishia? Na huyo mwenzangu amejulikana, lakini akikataa, nani atamsuta?"

Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa tangu asubuhi, na jibu lake liko nyuma ya pazia.

Kuna watu kule nyuma ambao kamera haiwajali. Kabla ya kurekodi, kila mshiriki lazima awaeleze wataalamu wa kipindi siri yake yote: uzi umepita wapi, karata imefichwa vipi, sanduku linafungukia upande gani. Kwa miaka mingi wataalamu hao walikuwa wawili, Johnny Thompson na Michael Close. Penn na Teller hawaambiwi kitu. Wanaingia ukumbini mikono mitupu. Penn akitoa jibu, mshiriki akakataa, ubishi ukazuka, neno la mwisho ni la wale wa nyuma wanaojua ukweli. Ndiyo VAR yenyewe, ila hii haina Simba wala Yanga.

Kwa hiyo mshiriki hawezi kuruka akasema "hamjanipata" ilhali amepatikana. Na Penn hawezi kujifanya amejua ilhali anapiga ramli. Yaani watu wazima waliochagua kuishi kwa kudanganya wamejiwekea refa, ili mahali palipobaki pa kusema kweli isemwe kweli. Nitajieni shughuli nyingine mtaani yenye refa wa namna hiyo.

Halafu kuna adabu ya kazi. Penn akiwa ameijua siri, haimwagi. Ile siri ni ugali wa mwenzake. Anachofanya ni kuongea kwa mafumbo: anataja jina la gwiji wa zamani, au kitabu cha kale cha fani, au anachomeka neno la kikazi katikati ya mzaha. Sisi tunasikia mzaha, mshiriki anasikia hukumu. Utaona tabasamu linamnywea, kisha anakubali kwa kichwa. Mlengwa anajijua.

Mcheza bao mmoja akaropoka: huo ni unafiki, mtu anajua halafu hasemi! Aka! Kuzisema siri ndiko alikofanya bwana mmoja wa kinyago. Mwaka 1997 kituo cha Fox huko huko Marekani kilianza kumwonyesha mtu aliyefunikwa uso akianika siri za wenzake mchana kweupe. Baadaye akavua kinyago, kumbe ni Val Valentino, mwanamazingaombwe mwenzao. Watazamaji walifurahi, na wenzake wakamnunia. Ukimwambia mtu kitu kilifichwa wapi, anasema "aah, kumbe hivyo tu", na ile miaka mwenzako aliyoimaliza mbele ya kioo akijifunza kukificha inageuka upuuzi.

Huyo Johnny Thompson naye msimpite haraka. Jukwaani alijiita The Great Tomsoni, akitumbuiza na mkewe Pam, na kazi yake ilikuwa kuchekesha kwa mazingaombwe yanayoonekana kumharibikia mkononi. Nyuma ya pazia alikuwa mwalimu wa walimu, mpaka alipofariki Machi 2019 akiwa na miaka 84. Mwaka 2008 jina lake lilitokea kwenye jarida la kisayansi, Nature Reviews Neuroscience, pamoja na jina la Teller, wakiwa wameandika na watafiti wa ubongo Stephen Macknik na Susana Martinez-Conde. Watafiti walitaka kujua macho ya binadamu hudanganywaje, basi wakawafuata wanaoyadanganya kila usiku kwa mshahara.

Sikilizeni kiinimacho chake kimoja, alichokieleza mwenyewe kwa hao watafiti. Msaidizi amesimama na gauni jeupe. Tomsoni anatangaza: nitaligeuza liwe jekundu. Anapiga makofi, taa nyekundu inammulika dada wa watu, gauni likaonekana jekundu. Ukumbi unaguna. Taa hiyo, bwana, umetuona watoto? Tomsoni anacheka nao. Taa nyekundu inazimika, zinawaka nyeupe kali, na gauni ni jekundu kweli kweli.

Kilichotokea ni hiki. Taa nyekundu ilipozimika, macho ya watu yalibaki yameishika ile picha nyekundu kwa kitambo kifupi mno. Katika kitambo hicho gauni jeupe likavutwa kwa nyaya likazama chini ya jukwaa, na la chini yake lilikuwa jekundu tangu mwanzo. Lakini siri kubwa haikuwa nyaya. Ilikuwa ule mzaha. Watu walikamata uongo mdogo, wakajiona wajanja, wakalegea. Uongo mkubwa ukapita hapo hapo walipolegea. Likumbukeni hili, nitalirudia.

Dogo wa bodaboda, mwenye simu, akasema, "Mi naona ni edit tu, bro. Kompyuta hiyo."

Mssyuu wa pili huu. Dogo, tumia akili uliyopewa bure. Penn na Teller hawatazami kwenye skrini. Wamo ukumbini, na ukumbi umejaa watu. Ukiidanganya kamera, wao utakuwa umewadanganya nini? Utakuwa umemdanganya mwenye bando, ambaye kombe halimhusu. Ndiyo maana kuwepo kwa wale wawili pale mbele ni dhamana kwako wewe uliyeko Mbagala. Macho yao yanakutazamia.

Fundi viatu akasema basi bora mambo ya moja kwa moja, laivu haidanganyi. Loh! Laivu nayo ina yake. Aprili 1956, P. C. Sorcar, Mhindi kutoka Bengali, aliingia kwenye kipindi cha Panorama cha BBC. Akamlaza msichana wa miaka 17 mezani kama amelala usingizi, akamkata katikati kwa msumeno wa mviringo. Kisha akamsugua mikono, akamwita, msichana haamki. Akambembeleza, haamki. Mtangazaji Richard Dimbleby akatokea mbele ya kamera, akawaaga watazamaji, kipindi kikaisha! Simu za BBC zikafurika. Uingereza nzima inauliza: binti amekufa? Hakuwa amekufa, yuko mzima anakunywa maji yake. Wajuzi wengi wa fani wanaamini Sorcar aliupiga hesabu ule muda. Alikuwa anaanza maonyesho kwenye ukumbi wa Duke of York's hapo London, na tikiti zikagombaniwa. Msumeno ulikuwa wa kawaida. Alichokichezea ni saa ya BBC. Na kwa kuwa hapakuwa na refa wa kumgeukia mtazamaji akamwambia "tulia, mchezo tu huo", watu walilala na presha.

Turudi Las Vegas. Mnadhani wanaotoka bila kombe wanatoka kichwa chini? Wa kwanza kuwashinda Penn na Teller, kwenye kile kipindi cha majaribio cha Januari 2011, ni Mwingereza John Archer. Sawa, heshima yake. Lakini mwaka huo huo alipanda Mwingereza mwingine, John van der Put, amevaa vazi la joka la kijani, na kijibwa chake nacho kimevalishwa ujoka. Anajiita Piff the Magic Dragon. Siri yake ikajulikana, kombe hakupata. Ila watu walicheka mpaka wakakoma, klipu ikazunguka dunia, na leo ana onyesho lake mwenyewe Las Vegas, hoteli ya Flamingo. Ushindani ni chambo cha kutuvuta sisi tunaopenda kujua nani kafungwa. Kilichomo ndani ni jukwaa kwa watu ambao bila hicho kipindi wangeishia kwenye sherehe za watoto. Shin Lim mwenyewe aliwashinda mwaka 2015, akaja kutwaa ubingwa wa America's Got Talent mwaka 2018.

Naye Richard Turner je? Huyu aliwashinda mwaka 2017, na ni kipofu. Uoni ulianza kumtoka akiwa na miaka 9. Hajiiti mwanamazingaombwe, anajiita fundi wa karata, na ustadi wake ni zile mbinu za wezi wa kamari: kugawa karata ya pili ukidhani ni ya juu, kugawa ya chini ukidhani ni ya juu. Kampuni ya kutengeneza karata ya Marekani imekuwa ikivitumia vidole vyake kupima ubora wa karata. Jini halihitaji mazoezi. Huyu karata hazitoki mkononi, iwe mezani, iwe kitandani.

Sasa mmeona wanavyoheshimiana, lakini msidhani ni malaika. Ukimgusa Teller pabaya anakwenda mahakamani. Ana mchezo wake wa tangu ujana, unaitwa Shadows: ua la waridi limo kwenye chombo, kivuli chake kimeangukia karatasi nyeupe. Teller anakikata kile kivuli kwa kisu, na majani ya ua halisi yanadondoka. Mwaka 2012 mtumbuizaji mmoja wa Ulaya akaweka video mtandaoni ya mchezo unaofanana na huo, akatangaza kuuza siri yake kwa takriban dola 3,000. Ujanja wa mazingaombwe wenyewe haulindwi na hakimiliki. Lakini mwalimu wa Kilatini alishaona mbali: mwaka 1983 aliusajili mchezo mzima kama igizo la bubu, hatua kwa hatua. Mwaka 2014 mahakama ya Nevada ikampa haki. Hata huko, mnaona, mwenye uongo mzuri alikuwa na karatasi yake ya kweli kabatini.

Na wale wanaosema "wengine wanaigiza, lakini wapo wenye nguvu za kweli", nawaletea habari ya mwaka 1973. Uri Geller alikuwa amewika kwa kupinda vijiko, akisema ni nguvu za akili. Akaalikwa kwenye The Tonight Show ya Johnny Carson. Kosa lake ni kwamba Carson ujanani alikuwa mwanamazingaombwe. Watu wa kipindi wakamuuliza James Randi, mwanamazingaombwe mwenzake Carson, tufanyeje? Randi akawaambia: vijiko viwe vyenu, vifaa viwe vyenu, na yeye wala watu wake wasivikaribie kabla. Basi. Hakukuwa na mtego mwingine. Geller akakaa zaidi ya dakika 20 mbele ya Marekani nzima, anavitazama vijiko, vijiko vinamtazama. Akasema leo hajisikii nguvu.

Refa mmoja tu nyuma ya pazia, na nguvu zikaondoka. Mnadhani watu walimwacha? Thubutu! Walimwamini zaidi. Walisema: angekuwa tapeli, si angefanikiwa kila siku? Randi baadaye akatangaza zawadi, iliyofika dola milioni moja, kwa yeyote atakayeonyesha nguvu zisizo za kawaida chini ya masharti waliyokubaliana. Ilifungwa mwaka 2015 bila mtu kuichukua. Na waganga wa kila aina walikuwepo miaka yote hiyo, wenye bili za kulipa.

Sasa nirudi kwenye lile la uongo mdogo na mkubwa. Sisi hapa tunajiona wajanja kwa sababu tunaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunaupokea, tunacheka, tunausomea kijiwe. Halafu jioni mtu yule yule aliyecheka anapeleka akiba ya mwaka kwa waliomwambia apande mbegu avune mara mbili. Amekamata uongo mdogo, akalegea. Gauni limeshavutwa.

Penn na Teller wana mchezo wa vikombe na vipira unaochezwa duniani kote, ila wao huurudia kwa vikombe vya plastiki angavu. Unaona kila kitu. Kipira kinaingia, unakiona. Kinatoka, unakiona. Na bado mkono unakuacha nyuma, hujui kilichotokea. Wanatuonyesha waziwazi kwamba kujua siri hakukuokoi, maana jicho ni jicho. Hapo ndipo penye chakula cha watu wa pata potea. Hawamtafuti mjinga. Mjinga anaogopa, anapita. Wanamtafuta mwenye kujiambia "mimi nina macho makali".

Na pata potea nao wana watu wao wa nyuma, msidhani hawana. Kila kiinimacho kina mtu pembeni anayejua ukweli wote. Kule Las Vegas anayejua anatumika kumbana muongo asivuke mpaka. Hapa kwetu anayejua anatumika kukusukuma wewe usogee. Kwa hiyo dogo, ukipita Kariakoo ukakuta karata tatu juu ya boksi na jamaa mmoja anashinda mfululizo, usihangaike kutazama karata, huziwezi. Mfuate kwa macho huyo mshindi akiondoka na hela zake. Hafiki mbali. Anazunguka duka la kwanza, anavua kofia, anarudi kusimama nyuma ya mteja mpya, na kumwambia: "Broo, ya katikati hiyo, weka hela."